Mgeni wa Ubaoni

Obadia Kyando alikuwa na msemo mmoja, na aliusema mbele ya kila mwenye masikio, mbuzi wakiwemo: "Mimi nikifuta kitu, hakuna atakayekuja kukitafuta."

Kazi yake ilikuwa kusafisha masomo, na tusimwonee, mkono alikuwa nao. Mwalimu akikohoa katikati ya sentensi, Obadia alikitoa kikohozi na sentensi ikaungana kama haijawahi kukatika. Jogoo akiwika nje ya dirisha wakati wa kipindi cha sehemu, Obadia alimchinja bila kisu. Kuna mwalimu mmoja wa Kiswahili alitolewa chafya kumi na saba katika somo moja, na alipojitazama akasema, "Kumbe nina afya hivi!"

Basi mshike kijana huyo hapo hapo, na mdomo wake. Msemo wake tutaurudia, naye ataomba tusiurudie.

Karakana ya Masomo ilikuwa Njombe mjini, juu ya duka la mbolea, kwa hiyo elimu yote ya wilaya ilinukia samadi kidogo. Humo ndimo walimu walimotengenezewa Warithi. Mrithi alikuwa nguzo ya kioo, kimo cha mtu mzima. Ukiiwasha, mwalimu anatokea ndani yake, anakuona, anakuita kwa jina, anaandika kwa mwanga kwenye ubao wowote ulio karibu. Ili kumpata, mwalimu wa nyama na damu alivaa kofia ya nyuzi mwaka mzima akifundisha. Kofia ilikunywa sauti yake, mkono wake, macho yake, hata ile pumzi anayoivuta kabla ya kumkaripia mtoto. Yakifika masomo mia mbili, mashine inaweza kuendelea yenyewe. Hairudii somo la jana kama kanda. Inafundisha la kesho, kama yeye ambavyo angefundisha.

Shule za milimani zilizigombea nguzo hizo. Walimu waliostaafu walikuwa wengi, wanaokuja walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na wengine walishuka kwenye gari, wakauona ukungu, wakapanda gari lile lile. Shule ya Msingi Ilembelwe ilikaa kwenye foleni miaka sita. Ilipofika zamu yake, aliyetumwa na kofia alikuwa Obadia, kwa sababu mbili: barabara aliijua, na mwalimu wa kurekodiwa ndiye aliyemfundisha hisabati, Mwalimu Yustina Mahenge.

*

Siku ya kwanza walikutana stoo, maana ofisini mlikuwa na baridi ya kumkausha kuku.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekua, lakini masikio ni yale yale. Pita. Angalia usikanyage historia."

Hakuwa akitania sana. Stoo ile ilikuwa na kila kitu kilichowahi kuletwa Ilembelwe kuja kufundisha badala yake. Karibu na mlango palikuwa na redio ya betri sita, iliyofundisha shule nzima Kiingereza mpaka mtu akahitaji betri za tochi. Nyuma yake televisheni yenye mgongo kama ng'ombe. Kisha vishikwambi arobaini vilivyokufa, sasa vikitumika kuzuia milango isigonge. Kisha sanduku la miwani iliyompeleka mtoto mwezini na kumrudisha akitapika.

"Kila kilipokuja," alisema Mwalimu Yustina, huku Obadia akimpimia kofia, "aliyekileta aliniambia: Mwalimu, sasa pumzika. Nikakifundisha kwanza hicho kifaa namna ya kukaa na watoto, kikafa, nikaendelea. Polepole, hizo ni nywele zangu."

"Samahani, Mwalimu."

Akanyoosha mkono juu ya rafu, akatoa kamba ya katani yenye mafundo kumi na matatu. "Hii unaikumbuka?"

Obadia aliikumbuka. Nafasi tatu upande huu, nne upande ule, tano zikifunga, na kona ya pembemraba inatokea yenyewe kwenye vumbi la uwanja. Walipimia msingi wa choo cha wavulana kwa kamba ile, na choo kile mpaka leo hakijainama.

"Wanaita teknolojia ya ufundishaji," alisema Mwalimu, "na wakisema hivyo wanaangalia soketi iko wapi. Kamba hii imefundisha kabla waya haujazaliwa. Mimi naona ni njia tu, Obadia. Ile njia inayokitoa kitu kwangu kikuingie wewe, na kibaki huko nikishaondoka. Waya ukiwepo, vizuri. Usipokuwepo, nitafunga fundo."

"Na kifaa chako mwenyewe je?"

Akacheka, akamgonga kichwani kwa kamba. "Unaniuliza wewe?"

Kifaa chake alikiita mgeni. Katika kila somo, mahali fulani ubaoni, Mwalimu Yustina aliandika kosa moja la makusudi. Hakusema liko wapi. Aliandika kwa mwandiko ule ule mzuri, uso mkavu kama askari wa gwaride: robo tatu ya sitini ni arobaini. Halafu akaendelea. Mtoto aliyemwona mgeni aligonga dawati mara mbili, akasema, "Hodi!" Mwalimu akajibu, "Karibu, mtoe mgeni," akamnyooshea chaki, na mtoto akaenda mbele kusahihisha. Ndiyo sheria yake pekee iliyokuwa kubwa: aliyekosea hukabidhi chaki, awe nani. Darasa zima lilikaa dakika arobaini macho yametoka, kwa sababu hakuna mtoto Ilembelwe aliyekubali mgeni aondoke bila kusalimiwa.

Obadia, dawati la dirishani, aligonga mara thelathini na moja. Hakuna aliyempita.

"Nataka nikuambie kitu, na usikibebe mjini," alisema Mwalimu, sauti ikashuka. "Nimeanza kusahau. Juzi nimeunguza sufuria mbili kwa mboga moja. Jina la mjukuu wangu linakwenda na kurudi. Daktari kaniambia ukweli wote. Lakini ubaoni, bado. Ubaoni najua kila kitu kilipo, hata mgeni nimemkalisha wapi. Nina hawa wa Darasa la Sita. Niwafikishe mwisho wa la saba tu, basi. Baada ya hapo nitakaa nyumbani nisahau kwa raha zangu, na nguzo yenu iendelee."

"Utawafikisha, Mwalimu."

"Na mgeni wangu atakuwemo humo kwenye nguzo? Maana mkimtoa, mtakuwa mmerekodi koti langu."

"Atakuwemo."

"Apa."

"Naapa kwa mapea ya Mzee Fidelis."

"Mapea ya mume wangu ulikuwa unayaiba!"

"Ndiyo maana naapa kwa kitu ninachokijua."

Wakacheka wote wawili. Kisha Mwalimu Yustina akaanza kutafuta chaki yake mezani, chini ya meza, nyuma ya redio. Ilikuwa mkononi mwake. Obadia aliiona tangu mwanzo, akashindwa namna ya kumwambia.

*

Mwaka ukapita, masomo yakafika mia mbili na matatu, na Obadia akakaa nayo Karakana ayasafishe.

Alipofungua somo la kwanza, mashine ilimwekea alama nyekundu kwenye dakika ya kumi na tisa: *kosa la hesabu*. Akatazama. Saba mara nane, hamsini na nne. Alicheka peke yake, na kidole kikagonga meza mara mbili kabla hajakizuia. Akafungua la pili. Nyekundu moja. La tatu, moja. Masomo mia mbili na matatu, alama mia mbili na tatu, kila moja ikikaa mahali pake kama mtu aliyekaribishwa kiti.

Mama Mwinuka, mkuu wa Karakana, alikuja kusimama nyuma yake na kikombe cha chai.

"Hizo nyekundu vipi?"

"Hizo siyo makosa, Mama. Ni mtindo wake. Anawatega watoto makusudi."

"Wakaguzi wanakuja Ijumaa, Obadia."

"Najua."

"Somo lenye kosa halipigwi lakiri. Hawana kisanduku cha 'mtindo wake.' Ukiziacha, Mrithi anakataliwa, Ilembelwe inarudi mwisho wa foleni. Miaka sita mingine. Na huyo mwalimu, kwa ninavyosikia, hana sita." Akanywa chai. "Na wewe leseni yako inahuishwa mwezi huu, au siyo?"

Akaenda zake. Hakumlazimisha, na hilo ndilo baya.

Sasa ngoja nikueleze fomu, maana ndiyo iliyoua. Kila kinachofutwa kwenye somo kinaandikiwa sababu, na fomu ina sababu tatu tu: kelele, faragha, ugonjwa. Kelele ni jogoo. Faragha ni mwalimu akitaja deni la jirani. Ugonjwa ni pale akili ya mwalimu inapoteleza. Hakuna ya nne. Obadia alikaa na fomu ile asubuhi nzima. Aliwaza watoto wa Ilembelwe bila mwalimu yeyote. Aliwaza leseni yake. Aliwaza, na hili alilishika kama mtu anayezama anavyoshika nyasi, kwamba fomu hazisomwi na mtu. Nani ana muda? Zinakwenda kwenye kabati lisilo na mlango, zinalala.

Saa sita mchana akaanza. Akafuta, akaandika *ugonjwa*. Akafuta, akaandika *ugonjwa*. Alitoa mgeni, akatoa hodi, akatoa karibu, akatoa vicheko vya watoto waliokimbilia ubaoni, akashona mahali palipobaki. Kazi ilikuwa safi kuliko zote alizowahi kufanya. Hata yeye, akirudi kutazama, hakuona mshono.

Ijumaa lakiri ikapigwa. Kanda mbichi zikachomwa siku hiyo hiyo, kama sheria inavyotaka, kwa sababu kofia hunywa na mawazo ya mwalimu, na mawazo ya mtu hayawekwi kabatini.

*

Alipopeleka nguzo Ilembelwe, alimkuta Mwalimu Yustina siyo darasani bali nyumbani, ameketi jikoni kwenye kigoda, kajifunika shuka, mikono imetulia mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Mzee Fidelis, mumewe, dereva mstaafu wa greda, alimtolea Obadia kiti nje.

"Kamwene, fundi. Karibu. Umechelewa kidogo, barua imekutangulia."

Barua za serikali siku hizo hazikusubiri kufunguliwa. Zilifika, zikamtambua mwenyewe kwa sura, zikajisoma kwa sauti. Ile ya Mwalimu Yustina ilimkuta dukani akinunua chumvi.

"Ikasema mbele za watu," alisema Mzee Fidelis. "Yustina Mahenge, katika masomo yako yamebainika makosa mia mbili na matatu yatokanayo na ugonjwa. Kuanzia leo hutaingia darasani. Tunakushukuru kwa utumishi wako. Halafu ikamtakia siku njema." Akavuta pumzi. "Mimi nilijua anaunguza sufuria. Sikujua yamefika mia mbili na matatu. Nimeficha kibiriti. Chai napika mimi. Akisema leo Jumanne, nakwenda kuangalia kalenda kwanza."

"Na yeye anasemaje?"

"Mwanzo alikuwa anakana. Anasema yale siyo makosa, ni mgeni, ni mgeni. Nikamwambia, mama, hakuna mgeni hapa, tuko wawili. Sasa ameacha. Mtu ukimwambia amekosea mara mia mbili na tatu, kijana wangu, hata salamu ataipima mara mbili kabla ya kuitoa."

Obadia aliingia jikoni. Shikamoo yake ilimtoka kama kikohozi.

Mwalimu Yustina akamtazama. "Yumo?" akauliza.

Lilikuwa neno moja tu, na lilimtosha kijana kuelewa ameulizwa nini. Angeweza kulia. Angeweza kusema. Mzee Fidelis alikuwa mlangoni anasikiliza.

"Yumo, Mwalimu," akasema.

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaurudisha uso wake kwenye moto.

*

Baada ya wiki sita shule ikaita fundi. Lalamiko liliandikwa na wale wa Darasa la Sita, sasa wa la saba, wenyewe, kwa herufi za kujibana: *Mashine yetu ni mbovu. Inaficha mgeni.*

Huo hapo msemo wa Obadia, umerudi. Alifuta kitu, na watoto arobaini wamekuja kukitafuta.

Alikaa nyuma ya darasa kutazama. Ndani ya nguzo alisimama Mwalimu Yustina wa kioo, kashika kiuno, mwandiko ule ule mzuri ukitiririka ubaoni: asilimia kumi na tano ya mia mbili na arobaini ni thelathini na sita. Mbele kulia, msichana mmoja mrefu aliyeitwa Ezelina alikuwa anahesabu kwa midomo, macho ameyakaza ubaoni. Akagonga dawati mara mbili.

"Hodi!"

Mwalimu wa kioo akageuka, akatabasamu tabasamu lake lenyewe. "Tafadhali rudia swali."

"Mgeni yuko mstari wa tatu, Mwalimu."

"Mstari wa tatu ni sahihi, Ezelina. Tuendelee."

Darasa halikucheka. Vichwa viliinama, vikanakili. Wakati wa mapumziko Obadia akamwita Ezelina, wakasimama kando ya nguzo.

"Wiki ya kwanza tuligonga wote, kaka," alisema. "Tulidhani kamficha sana. Tuligonga kila mstari. Wiki ya pili wakabaki watatu. Sasa ni mimi tu, na mimi nagonga kwa kubahatisha."

"Labda mashine haikosei."

"Mwalimu naye alikuwa hakosei," alisema Ezelina, akimtazama kama mtu anayemhurumia mtu mzima. "Alikuwa anaalika."

Obadia alijaribu. Siku mbili alikaa na vifaa vyake, akaiomba nguzo kwa kila lugha anayoijua fundi iandike kosa moja tu, dogo, la kujumlisha. Nguzo ilimjibu kwa sauti ya mwalimu wake, kwa upole: "Siwezi kuandika kisicho sahihi." Lakiri ni lakiri.

Siku ya tatu aliizima mbele ya darasa. Akachukua chaki halisi stoo, kutoka nyuma ya redio, akaandika ubaoni kwa mkono wake: 7 × 8 = 54. Akajipangusa vumbi, akasubiri. Alijiambia wakigonga, hata mmoja, basi hakuna kilichoharibika. Kitakuwa kimelala tu.

Kalamu arobaini zikaandika. Ezelina aliinua yake juu, akaitazama ile namba. Akamtazama Obadia, kisha nguzo iliyozimwa, kama anayeomba ruhusa. Halafu akaandika.

"Ezelina. Saba mara nane ni ngapi?"

"Hamsini na sita."

"Sasa mbona umeandika hamsini na nne?"

"Si ndiyo iko ubaoni, kaka."



Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Mzee Fidelis aliingia akimshika mkewe kiwiko. Miguu ya Mwalimu Yustina haikuwa imepata barua. Kila asubuhi ilimpeleka shuleni, na kila asubuhi mzee alimfuata na kumrudisha. Leo hakumrudisha. Mwalimu akajiondoa taratibu mkononi mwake, akapita katikati ya madawati, akaenda kuketi dawati la dirishani. Mtoto aliyekuwa hapo akasogea pembeni kumpisha. Darasa zima likasimama.

"Shikamoo, Mwalimu!"

Mwalimu akafungua kinywa. Midomo ilijaribu, ikapima, ikaacha.

"Kaeni, wanangu," alisema Mzee Fidelis, kofia mkononi. Akamgeukia Obadia. "Fundi, vizuri nimekukuta. Juzi watoto hawa walinifuata nyumbani. Wananiambia yale makosa ya mama yalikuwa makusudi. Kila siku moja, na wao kazi yao kulidaka. Mke wangu naye alisema hivyo hivyo, mimi nikamwambia ni ugonjwa unaosema." Sauti yake ilikwaruza. "Jana nimekwenda wilayani. Wamenipokea vizuri. Wanasema kanda zimechomwa, lakini aliyesafisha akiandika tu kwamba alijua ni makusudi, jalada linafunguliwa, mama anarudi na hawa mpaka wamalize. Akiwa na msaidizi, akiwa na kofia, vyovyote, lakini anarudi. Anayetakiwa ni aliyesafisha. Ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi, mzee."

"Basi nakuuliza mbele yao, nisije nikasema nilisikia vibaya. Ulijua?"

Nje ukungu ulikuwa unapanda kutoka kwenye mashamba ya viazi. Obadia aliitazama nguzo. Akaitazama leseni yake iliyoning'inia shingoni, mpya, bado inanukia plastiki. Fundi anayeandika *ugonjwa* mara mia mbili na tatu akijua ni uongo, hasafishi tena hata ubao wa dukani. Na kuna mama yake mjini anayemtegemea, na kuna... tumwache. Kila muongo ana orodha.

"Sikujua, mzee," alisema. "Mashine ndiyo iliyoonyesha. Mimi nilifuata mashine."

"Lakini, kaka," Ezelina alisimama, "si umesoma hapa hapa? Mwalimu Mkuu katuambia. Hukumjua mgeni?"

"Enzi zetu," alisema Obadia, na alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka laini, bila mshono, "hakukuwa na mgeni."

Ko. Ko.

Ilikuwa sauti ya kifundo cha kidole juu ya mbao. Watoto wote waligeuka nyuma. Mzee Fidelis aligeuka. Obadia hakuhitaji kugeuka.

"Hodi," alisema Mwalimu Yustina.

Ilikuwa sauti ya mtu aliyekaa wiki sita bila kuitumia, yenye kutu pembeni, lakini ilijua njia. Katika ule mshtuko, kiwiko cha Obadia kikagusa nguzo, nayo ikawaka nusu, uso wa mwalimu ukielea humo kama ndani ya maji. "Tafadhali rudia swali," ikasema. Hakuna aliyeitazama.

Ezelina alikuwa amegeukia ubao, na uso wake ukafunguka ghafla kama dirisha. "Mstari ule, Mwalimu! Hamsini na nne! Nimemwona, nimemwona tangu mwanzo!"

"Huyo wa ubaoni hata mimi nimemwona," alisema Mwalimu Yustina. Hakuwa akiutazama ubao. "Kuna mwingine."

Akaweka kiganja juu ya mbao ya dawati lile la dirishani, akaipapasa mpaka kona, pale palipochongwa kwa wembe mistari midogo, mitano mitano, na mmoja pembeni. Hakuihesabu. Midomo ikapima, na safari hii haikuacha.

"Thelathini na moja," akasema.

Mzee Fidelis aliinama juu ya dawati. Aliyasogeza macho karibu kabisa, akasoma majina mawili yaliyochongwa juu ya mistari: Obadia Kyando. Akainuka polepole, akavaa kofia yake, akaivua tena.

Mwalimu Yustina akasimama, akaja mbele kati ya madawati, bila kushikwa, akasimama mbele ya mwanafunzi wake, akanyoosha mkono wake wazi.

Darasa lilisubiri, kwa sababu sheria walikuwa wanaijua. Chaki ilikuwa bado mkononi mwa Obadia.